Visima vya Naremit

Siku za soko mjini Lodwar, Nakal hakukaa kwenye vibanda vya mbele. Alikaa nyuma, jirani na wauza samaki wakavu, kwa sababu harufu ile haikumsumbua na kivuli cha huko kilichelewa kuhama. Alipanga vikapu vyake vya majani ya mti wa mkoma, vikubwa kwa vidogo, na hakumwita mteja hata mmoja. Ukisimama, alikuangalia. Ukiuliza, alijibu. Ukishika kikapu masikio na kukivuta kwa nguvu kuona kama kitakatika, alikuacha uvute mpaka uchoke.

Mimi nilinunua kwake kikapu changu cha kwanza nikiwa mwalimu mgeni mjini, na tangu hapo tukawa watu wa kusalimiana na kukaa kidogo. Ninayoyasimulia niliyapata kwake mwenyewe, leo hiki, kesho kile. Mengine nilielezwa na shemeji yake Stephen, na machache niliyaona kwa macho yangu.

Alizaliwa upande wa Lorugum, mwaka ambao mbuzi wa baba yake waliisha kwa ukame. Baba akasikia kwamba Kakuma mashirika yamefungua kambi ya wakimbizi na chakula kinagawiwa. Akaichukua familia yake, wakaenda kwa miguu. Walipofika kwenye lango la kugawia chakula waliambiwa: "Nyinyi ni wenyeji. Hii ni ya wakimbizi." Basi wakabaki jirani na kambi, na Nakal alipokua kidogo akaanza kukusanya kuni porini na kuzipeleka kambini kubadilisha kwa unga.

Mlangoni mwa nyumba moja ya udongo alimkuta msichana wa rika lake, mrefu, mweusi wa kung'aa, jina lake Aluel. Huyo alikuwa Mdinka kutoka Sudan Kusini, amekimbia vita na mama yake. Mama alipima unga kwa bakuli na kuusawazisha kwa kiganja, asizidishe hata punje. Akigeuka, Aluel aliongeza konzi nyingine haraka na kufunika mzigo. Hawakuwa na lugha moja. Nakal alijua Kiturkana, mwenzake Kidinka na Kiarabu cha Juba. Wakaokota Kiswahili sokoni, neno kwa neno, kwa kubishana bei.

"Sisi wawili Kiswahili ilitukuta barabarani," Nakal aliniambia siku moja, "ndiyo maana yetu haina shule."

Alipokuwa msichana mkubwa aliolewa na Ekwam, mtu wa Naremit, kijiji kilicho kando ya barabara inayotoka Lodwar kwenda Lorugum. Aluel alikuja harusini na kanga mpya, akalia kuliko mama wa bibi harusi.

Naremit ilikuwa na laga, yaani mto unaopitisha maji siku chache tu za mvua, na mwaka mzima uliobaki ni mchanga mtupu. Lakini chini ya mchanga maji yalikuwepo. Ekwam alikuwa mchimbaji. Kila kiangazi alichimba kisima kwenye mchanga, akazungushia matawi ya miiba ili kingo zisiporomoke, kisha akaingia chini na kujaza karai, akalipandisha kwa aliye juu, naye akalimimina kwenye birika la mti wanyweshe mbuzi. Akiwa chini aliimba. Mbuzi wake waliijua sauti hiyo, wakaja wenyewe bila kuswagwa. Nakal alisimama juu kupokea karai. Walifanya hivyo tangu walipooana, na mtoto wao wa pekee, binti waliyemwita Adome, alikua akilala kwenye kivuli cha kingo hizo.

Kando ya laga ilisimama mikoma. Kwa Waturkana miti ya mtoni ina wenyewe, na ile iliyokuwa upande wa kina Ekwam ilikuwa ya ukoo wake. Nakal alikata majani yake, akayaanika, akasuka. Maisha yao yalikuwa hayo. Hayakuwa mepesi, lakini yalikuwa yao, na Nakal hakuwahi kuniambia kwamba alitamani mengine.

Kisha kampuni ikaja.

Chifu aliitisha baraza ndani ya kanisa la mabati, kwa sababu nje jua lilikuwa kali mno. Kampuni ilimtuma afisa wake wa uhusiano na jamii, mtu wa makamo aitwaye Mureithi. Nakal alimpenda mara moja kwa sababu alimsalimu kila mtu kwa mkono, hata wanawake waliokaa chini kabisa karibu na ukuta. "Ejok?" alisema, na matamshi yake yakawachekesha. "Ejok-noi," wakamjibu.

Mureithi alitoa simu yake mfukoni. "Ukipiga picha kwa simu, hiyo picha inakaa wapi?"

"Kwa simu," mzee mmoja akajibu.

"Na simu ikianguka kwa maji?"

"Maji gani?" mzee akauliza, na kanisa zima likaangua kicheko. Mureithi naye akacheka mpaka akatoa leso.

Akaeleza kwamba picha za watu, barua zao, pesa zao za simu na hata maswali wanayouliza kompyuta, yote yanawekwa kwenye majumba makubwa yaliyojaa mashine. Dunia sasa inataka majumba hayo kila mahali. Huku Turkana kuna jua la kutoa stima na kuna ardhi pana. Mashine zinapata joto sana, akasema, kwa hiyo zinapozwa kwa maji.

Ekwam alisimama. "Hizo mashine zinakunywa kama ngamia ama kama mbuzi?"

"Kama mbuzi, mzee. Na sisi tutachimba chini sana. Maji yetu iko chini ya maji yenu, kuna mwamba katikati. Wataalamu wamepima. Tena tutawaletea bomba hapa hapa kijijini, na kazi kwa vijana."

Watu walinong'ona. Mama mmoja mzee alisema hataki, akaketi. Kila mtu alimgeukia Ekwam, maana visima vilikuwa kazi yake. Akafikiri kidogo.

"Mimi nakubali," alisema. "Msichana wangu anasoma Lodwar. Sitaki aje kusimama ndani ya shimo kama mimi."

Wakirudi nyumbani Nakal alimwambia, "Umekubali haraka."

"Ningekataa, wangeenda?"

Swali hilo Nakal alirudi nalo nyumbani. Hata miaka iliyofuata alikuwa bado nalo.

Tingatinga zilianza upande wa mikoma. Nakal alisikia mlio, akaenda kuangalia. Alikuta miti imelala, vichwa vyote vikielekea upande mmoja, na makoma mabichi, matunda yake, yametapakaa chini kama mtu amemwaga gunia. Mureithi alikuwa amewaeleza kwamba barabara ya kuingilia lazima ipite pale, na ukoo ulikuwa umelipwa fidia mbele ya chifu. Hakuna aliyeibiwa. Nakal akafanya alilojua kufanya. Akakata majani. Alikata mpaka mikono ikatoka damu, akaita majirani, wakabeba, wakaanika juu ya kila paa la Naremit.

Msimu ule alisuka vikapu vingi kuliko wakati wowote wa maisha yake. Nakumbuka meza yake sokoni ilivyojaa. Nilimwambia, "Mama Adome, mwaka huu Mungu amekukumbuka." Akaendelea kupanga. Baadaye nilipoelewa majani yale yalitoka wapi, nilijuta ulimi wangu. Yalipoisha hakukuwa na mengine. Ilimbidi aende mbali kwenye mto Turkwel, aombe kwenye miti ya watu wengine, apewe majani ya chini yaliyokauka ncha.

Wakati wa ujenzi, vijana walipata kazi kweli. Walibeba mawe, walichanganya saruji, walinunua baiskeli na simu. Jengo lilipokamilika kazi ikaisha. Ndani walibaki watu wenye vitambulisho vya shingoni wanaozungumza Kiingereza, na nje masoja wachache wa lango. Stephen, mdogo wake Ekwam, alikuwa mmoja wa masoja hao. Alipewa shati la buluu, buti na redio ya mkononi, na watu wa Naremit walimwonea fahari. Ekwam zaidi ya wote. Alikuwa akipita mbele ya lango na mbuzi wake hata pale ambapo njia haikumpeleka huko, ili tu amwone mdogo wake amesimama wima.

Jengo lenyewe halikuwa na madirisha. Lilivuma mchana kutwa na usiku kucha, mvumo mzito usiopanda wala kushuka. Wageni waliuzoea baada ya siku chache. Mbuzi hawakuuzoea. Walikataa kulala upande ule, na wachungaji wakahamisha maboma yao mbele kidogo, kisha mbele tena.

Bomba la kijiji nalo lilichimbiwa mtaro mpaka karibu na kanisa, likaishia hapo. Kila aliyeuliza aliambiwa kwamba kaunti na kampuni bado hazijaafikiana nani atalisimamia.

Mvua zikakosekana. Zikakosekana tena msimu uliofuata. Maji ya laga yakaanza kushuka. Zamani Ekwam akisimama ndani ya kisima uliona nywele zake. Sasa ukiinama hukuona kitu ila giza na mwanga mdogo wa maji, na ilibidi mtu mwingine asimame katikati kwenye kijukwaa cha mchanga kupokea karai na kulipandisha juu. Wazee walisema kampuni imeyanyonya maji. Kampuni ilisema ni ukame, ikaleta karatasi za vipimo. Mimi si mtaalamu wa maji. Inawezekana wote walisema kweli. Ninachojua ni kwamba ndani ya ua wa kampuni kulikuwa na matangi meupe yaliyojaa, na nje ya ua Ekwam alikuwa anashuka.

"Acha hicho kisima," Nakal alimwambia asubuhi moja. "Kingo zinalia."

"Mbuzi pia zinalia," Ekwam akajibu, akavua shati.

Siku ile walikuwa watatu: Ekwam chini, jirani mmoja katikati, Nakal juu. Makarai kadhaa yalipanda vizuri. Ekwam alikuwa anaimba, ingawa kwa kina kile wimbo ulifika juu ukiwa mwembamba kama wa mtu wa mbali. Karai jingine likaanza kupanda, na kwa mwanga ule mdogo wa maji Nakal akaona chini yake mikono ya mumewe imelishikilia. Kisha ukingo wa upande wa jua ukaachia.

Hakukuwa na kishindo. Mchanga ulimiminika tu, kama unga unaomwagwa. Jirani wa katikati alidaka matawi ya miiba, akapanda juu akitoka damu mwili mzima. Mahali palipokuwa na shimo pakawa na mteremko laini.

Watu walianza kuchimba kwa mikono na kwa makarai. Kila walichotoa kilirudi. Nakal aliinua macho, na ng'ambo ya ua akaona tingatinga. Ilikuwa imesimama kwenye uwanja waliokuwa wakiusawazisha kungojea idhini ya majengo mapya, na dereva yumo ndani. Akakimbia.

Stephen alimwona akija na akajua kabla hajaambiwa.

"Shemeji, nini?"

"Ekwam iko chini ya mchanga. Leta hiyo mashine. Leta, Stephen, inaweza kuchota mara moja."

Stephen aliongea kwenye redio. Supavaiza akatoka mbio, na kwa kumtendea haki, uso wake ulikuwa umebadilika. Akasema mashine haiwezi kutoka nje ya ua bila ruhusa ya ofisi ya Nairobi, kwa sababu ya bima.

"Ni kaka yangu," Stephen akasema.

"Nimesikia. Pole sana. Ninapiga simu. Subirini."

Akapiga. Akaambiwa asubiri. Akapiga kwingine. Nakal alishika nyavu za ua na kumpigia kelele dereva kwa Kiturkana, lugha ambayo dereva hakuijua. Stephen alimtazama supavaiza, akautazama mkono wa shemeji yake kwenye waya. Akaweka redio juu ya kiti, bado inaongea, akavua lile shati la buluu, akachukua sepetu iliyoegemea ukuta na kuruka kizuizi. Nakal akamfuata.

Walichimba pamoja na kijiji kizima. Jua lilipanda, likapita katikati. Ruhusa ilifika mchana ukiwa umegeuka. Aliyeitoa alikuwa Mureithi. Alikuwa kwenye mkutano, na mara alipowasha simu yake alisema mashine itoke, atajibu yeye. Lango likafunguliwa, tingatinga ikashuka kwenye laga, ikachota kidogo tu, na Ekwam akaonekana. Alikuwa amesimama. Karai lilikuwa juu ya kichwa chake, kama mtu anayejikinga na mvua.

Dereva alizima mashine, akashuka, akavua kofia yake ngumu na kukaa mchangani. "Nilikuwa nawaona," akawaambia watu, machozi yakimtoka. "Nilikuwa nimekaa tu pale ndani, nawaona."

Hakuna aliyemjibu vibaya. Mama mmoja alimletea maji.

Walimzika Ekwam juu ya ukingo wa laga, mahali palipoinuka, si mbali na visiki vya mikoma. Katekista alisoma Injili, na wazee wakafanya yao. Nakal alivua shanga zake zote. Nilikuwepo, shingo yake bila shanga ilikuwa nyembamba, yenye rangi tofauti na uso, kama ya mtu mwingine. Mureithi alikuja kutoka Nairobi. Alileta unga na sukari, akasubiri zamu yake ya kumpa pole mjane.

"Mama, mimi nilitoa ruhusa pale pale niliposikia."

"Najua," Nakal akasema. "Wewe ulitoa."

Mureithi akampisha aliyefuata kwenye zamu. Nilimwona akienda nyuma ya gari lake, akasimama huko peke yake.

Stephen alifukuzwa kazi kwa kuacha lango. Hakulalamika. Alishuka Kalemng'orok, na nasikia anachoma makaa huko. Nilipokutana naye kwenye kituo cha barabarani alinieleza habari za siku ile kwa sauti ya chini, akiangalia pembeni, akarudia neno moja: "Nilisubiri. Kabla ya kuruka, mwalimu, mimi nilisubiri."

Haikupita muda, bomba likafunguliwa. Kampuni ilisema imeona isingoje kaunti tena. Maji yalitoka safi na baridi mbele ya kanisa. Watu walidhani Nakal hatayagusa. Alipanga foleni na mtungi wake kama wengine. Alikuwa na mbuzi.

Aluel alikuwa amekuja kwenye matanga na kukaa kwa siku zote za maombolezo. Alipoondoka alimchukua Nakal kwenda naye Kakuma apumzike. Nyumba yake kambini ilikuwa ile ile ya zamani, sasa ina paa la mabati na sola. Mama yake alishafariki. Chakula cha mgao kilikuwa kimepunguzwa mara kadhaa, na watoto wa Aluel walikuwa wanne. Kilichowaweka hai ni kazi ya kompyuta aliyofunzwa na shirika moja.

Baada ya siku chache Nakal akataka kuiona kazi hiyo. Aluel akamkalisha pembeni yake katika ukumbi wenye feni. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya barabara ya mji wa mbali, watu wameshika miavuli, lami inang'aa kwa maji. Aluel alichora kijisanduku kuzunguka mtu mmoja, kisha gari, kisha mtu mwingine. Picha ikaondoka, ikaja nyingine ya barabara hiyo hiyo.

"Huko imenyesha," Nakal akasema.

"Inanyesha kila siku."

"Unachora nini?"

"Nafundisha mashine ijue, huyu ni mtu, hii ni gari. Isije ikagonga mtu."

Nakal alitazama sana. "Hiyo mashine iko wapi?"

Mkono wa Aluel ulisimama. Alikuwa amejua kwamba swali hilo lingekuja, na alikuwa ameliogopa tangu Naremit. "Iko kwa nyumba kama ile yenu," akasema polepole.

"Kama ile, ama ile?"

"Sijui, ukti. Wallahi sijui. Hawatuambii inaenda wapi." Ukti ni dada kwa Kiarabu chao, na maalesh ni samahani. "Maalesh. Nilitaka kukuambia siku ya mazishi, nikashindwa. Nikiacha hii kazi, watoto watakula nini?"

"Sijasema uache."

"Basi sema kitu."

Nakal aliinuka, akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha rafiki yake, kama mtu anavyompapasa mtoto mwenye homa. "Chora," alimwambia. "Hao watu wasigongwe."

Akatoka nje. Aluel alimaliza zamu yake akilia bila kufuta uso, kwa sababu zamu ina hesabu ya picha na picha hazingoji. Waliagana vizuri siku ya pili, wakashikana mikono mpaka mwisho. Lakini Nakal hajarudi Kakuma, na simu zao zimekuwa fupi. Hawajagombana. Aliniambia kwamba akisikia sauti ya Aluel anafurahi, kisha anaona barabara ile yenye maji, naye anaaga.

Adome alimaliza shule mwaka uliofuata. Kampuni, kwa kumkumbuka baba yake, ilimpa nafasi ya kusomea mambo ya mitambo Nairobi. Alimuuliza mama yake akubali au akatae.

"Baba yako alikubali kwa ajili yako," Nakal akamjibu. "Nenda." Akamfungia nguo kwenye kikapu alichosuka kwa majani ya Turkwel, akamsindikiza mpaka barabarani, kisha akarudi kwenye nyumba ambayo sasa ilikuwa na mtu mmoja.

Kisha majengo mapya yakaidhinishwa. La kwanza lilikuwa limejaa, tuliambiwa. Dunia inahitaji zaidi. Ua ulipaswa kusogea hadi kwenye laga yenyewe, na Naremit ihamie ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba za matofali zilizojengwa vizuri. Kuhusu makaburi, kampuni iliahidi kuyahamisha kwa heshima, na padri na wazee wakiwepo. Familia nyingine zilikubali. Walipofika kwa Nakal alikuwa anachambua mahindi, hakuinua kichwa.

"Ekwam amechimbuliwa mara moja," alisema. "Inatosha."

Wakamwacha. Ua ukajengwa, na kaburi la Ekwam likabaki ndani, limezungushiwa seng'enge ndogo, kati ya jengo la pili na la tatu.

Mwaka jana Nakal aliniomba nimsaidie kuomba siku ya kulitembelea, kwa kuwa ombi linapitia kwenye kompyuta na kwa Kiingereza. Nilifanya hivyo, na jibu lilipokuja nikaenda naye. Soja wa zamu alikuwa mwanamke wa Kapedo, mtulivu, mwenye sauti ya kanisani. Alitupa kofia ngumu na vizibao vya rangi ya machungwa vinavyomeremeta. Nakal alivaa kizibao juu ya shuka lake. Kofia ilikataa kukaa, kwa sababu ya nywele zake alizozisuka juu, akaishika kwa mkono mmoja njia nzima.

Tulipita kati ya kuta zisizo na madirisha, kwenye kokoto nyeupe. Sikuweza kutambua laga ilipita wapi. Yeye aliweza. Alisimama ghafla sehemu isiyo na alama yoyote, akaangalia chini, akaendelea.

Kaburini alipiga magoti. Alitoa tumbaku kwenye ncha ya shuka, akainyunyiza juu ya mawe, sadaka kwa marehemu, na soja akageuza uso ili asiwe ameona, maana kutupa kitu ndani ya ua kulikatazwa. Nakal akaanza kuzungumza na mumewe kwa Kiturkana. Nilielewa baadhi. Alimwambia Adome amepita mtihani wa kwanza. Alimwambia mbuzi mwekundu alizaa mapacha, mmoja akafa. Alimwambia Stephen anakohoa kwa sababu ya moshi wa makaa, na kwamba yeye mwenyewe ameacha kusuka, macho yamechoka na majani hayapatikani.

Mvumo wa majengo ulikuwa mkubwa pale, ikabidi apaze sauti. Mara nyingine alikatiza sentensi katikati, kama anayesubiri mwenzake asikie vizuri, kisha akairudia.

Soja alikuja taratibu. "Mama, muda umeisha. Umemaliza?"

"Bado," Nakal akasema.

Yule mwanamke aliangalia nyuma, kuelekea kwenye kamera iliyokuwa juu ya ukuta, akatuangalia sisi. Akavuta pumzi.

"Basi sema haraka, mama," akamwambia. "Sema tu haraka."

Nakal akamgeukia Ekwam tena, lakini sasa maneno yalikuwa yamemkimbia. Alibaki amepiga magoti, mkono umeshika kofia, mpaka tukaitwa tutoke.